Ukiulizwa mpakani unaenda kufanya nini, sema kile unachoenda kufanya

Mimi ni mtu wa Busia, mji wa mpakani kati ya Uganda na Kenya, upande wa Uganda, nimezaliwa pale na kukulia pale, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kununua mzigo Nairobi, Eastleigh, na kuuza Kampala na nyumbani Busia. Nguo za watoto, mashuka, vitenge, shule zikikaribia kufunguliwa mabegi. Kwa hiyo lile swali la "unaenda wapi, kufanya nini" naulizwa mara nyingi kuliko naulizwa habari za watoto. Na nikiwa kwenye laini pale nasikia wengine wakijibu, na kitu kinachoniuma ni kwamba watu wengi wanadanganya ofisa wa uhamiaji juu ya jambo ambalo hata si kosa. Watu wazuri kabisa, wana karatasi zao, wana sababu nzuri ya kusafiri, alafu wakifika kwa dirisha wanatunga hadithi.

Chukua wamama wa biashara ndogo. Mama amepakia magunia yake ya maharage kwenye ile baiskeli ya matairi matatu inayosukumwa na ndugu zetu walemavu, wale wanaobeba mizigo pale Busia kila siku, anavuka kwenda soko la upande wa pili, ukimuuliza anakwambia naenda kusalimia dada. Ukimuuliza pembeni kwa nini hakusema biashara anasema wataniitisha ushuru. Sasa hapo ndipo nataka watu wasikie vizuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wake kwa wafanyabiashara wadogo, kama bidhaa yako imelimwa au imetengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya na iko kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000, unajaziwa cheti rahisi cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, pale pale mpakani, na ushuru wa forodha hulipi. Sisemi kila kitu ni bure, ukaguzi wa mimea na chakula upo, na kodi nyingine zinaweza kuwepo. Lakini ule ushuru anaouogopa mama, mara nyingi haumhusu! Na akishasema anaenda kusalimia dada, atakiombaje hicho cheti? Ameshasema hana biashara. Maharage yake halali yanageuka magendo kwa mdomo wake mwenyewe, na hapo hapo anatokea kijana wa pembeni anamwambia mama leta kitu kidogo nikupitishe. Anaishia kulipa, na risiti hana.

Mzigo wangu mimi mwingi umetoka China ukapitia Nairobi kwa hiyo huo msamaha haunihusu, mimi natangaza kastamu, nalipa, nachukua risiti yangu naweka kwenye bahasha. Inauma mfukoni, sikatai. Lakini nalala usingizi kwenye basi.

Tusiwalaumu bure hawa wamama lakini. Uoga huu una mahali ulipotoka. Mama yangu mzazi mpaka leo akiona mtu wa yunifomu sauti inabadilika. Walikulia wakati wa Amin, miaka ya 70, na baada ya hapo ikaja ile ya mwanzo wa miaka ya 80, ile watu walikuwa wanaita panda gari, wanajeshi wanazingira mtaa wanapakia watu kwenye malori, wengine hawakurudi. Kwenye vizuizi vya barabarani wakati huo swali la unatoka wapi unaenda wapi halikuwa swali, lilikuwa mtego, na mara nyingi liliulizwa kwa Kiswahili, ndio maana hapa Uganda wazee wengi bado wakisikia Kiswahili cha amri wanakumbuka bunduki. Mtu aliyeokoa maisha yake kwa kuficha alikokwenda atawafundisha watoto wake wafiche, na watoto watawafundisha wajukuu hata kama hakuna tena anayekumbuka sababu. Mimi nililelewa na hiyo sheria, usimwambie mwenye kofia safari yako. Mama hakukosea, aliishi wakati wake. Ila ofisa wa uhamiaji aliyekaa kwenye kompyuta leo ana kazi nyingine, anataka kujua akuweke kwenye fungu gani, mgeni, mfanyabiashara, mwanafunzi, mfanyakazi, mkimbizi, mpita njia. Kila fungu lina karatasi yake na siku zake. Ukimpa jibu la uongo atakupa karatasi ya uongo, na hiyo karatasi ndiyo utatembea nayo.

Na tena siku hizi kudanganya kumekuwa kugumu. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kifunguliwe rasmi 2018, ukienda Kenya husimami upande wa Uganda, unapita moja kwa moja mpaka jengo la upande wa Kenya, ndani mle unakuta ofisa wa Uganda anakugongea kutoka, hatua chache tu ofisa wa Kenya anakugongea kuingia. Wako jengo moja. Mtu anamwambia wa kwanza naenda harusi, anafika kwa wa pili ameingiwa na wasiwasi anasema naenda hospitali, na wote wawili wana masikio. Nimeona hiyo kwa macho yangu, kijana alikuwa na kitambulisho safi, kiukweli alikuwa anaenda tu kununua spea za pikipiki, akawekwa pembeni mpaka basi likataka kumwacha.

Kuna swali moja ambalo kwetu sisi Wasamia ni gumu hata ukiwa mkweli. Unaulizwa unaenda wapi, unasema naenda nyumbani. Nyumbani wapi, wewe si una kitambulisho cha Uganda? Sasa utamwelezaje? Ukoo wa mama yangu nusu wako Masafu na Lumino huku, nusu wako Funyula na Sio Port kule, mpaka ulipitishwa katikati yetu na wazungu tukiwa tayari tunaishi hapo. Mazishi yakiwa kule ni mazishi yetu. Wengi wakiona ofisa amekunja uso wanakimbilia kusema aah mimi ni Mkenya, na hapo ndipo wanajiharibia kabisa, manake kudai uraia usiokuwa wako ni jambo zito kuliko safari yoyote. Mimi nasema hivi, mimi ni Mganda, mjomba wangu wa Funyula amefariki, naenda mazishi, nitalala kwake mpaka matanga yaishe. Imekwisha. Hajawahi kunikatalia mtu. Mganda anapita kwenda Kenya kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, Mnyarwanda na Mkenya vile vile kuja kwetu, na raia wa Jumuiya anaweza kupewa mpaka miezi 6 kama mgeni bila kulipa. Kwa mazishi ya mjomba unahitaji uongo wa nini?

Na kama safari ina mambo mawili, sema mawili. Naenda mazishi, na nikirudi nitapitia Eastleigh kuchukua mzigo. Watu wanadhani lazima uchague sababu moja inayosikika vizuri. Hapana, maisha ya mtu yana mambo mawili matatu kwa safari moja na maofisa wanajua, nao ni binadamu nao wanapitia sokoni wakitoka mazishini.

Sasa niseme ile iliyonifanya niache kunyamaza.

Nilikuwa kwenye basi la usiku kutoka Kampala, siti ya pembeni yangu binti mdogo, mpole, ana begi jipya na pasipoti mpya kabisa. Tukaongea. Akaniambia aunti naenda Nairobi kwa harusi ya binamu. Nikamuuliza harusi lini akasema wataniambia. Nikajua. Ukikaa mpakani unaijua hiyo harusi ambayo haina bibi harusi. Nilimuuliza taratibu tu, mwanangu, ni harusi ama ni kazi ya Uarabuni? Akaanza kulia. Kumbe kuna wakala aliyemtafuta kijijini, amechukua pesa waliyouza ng'ombe nyumbani, amemwambia ukipita uwanja wa ndege wa Entebbe watakusumbua, wewe pita Busia, ukiulizwa sema harusi, Nairobi utapokelewa na mtu utapanda ndege huko. Jina la huyo mtu hajui. Nchi aliambiwa Oman, mara Saudia. Mkataba hajauona.

Nilimwambia kitu kimoja. Yule ofisa utakayemkuta ukimdanganya akikuamini, ndio umepotea, akikukamata ndio umepona. Hakunielewa vizuri wakati ule na sikumlaumu.

Tukafika dirishani. Ofisa wa upande wetu alikuwa mama wa makamo, akamuuliza kwa upole kabisa, nnyabo unaenda kufanya nini Nairobi. Binti akaniangalia, nikamwambia kwa kichwa sema. Akasema. Alisema kwa sauti ndogo mpaka yule ofisa akainama mbele kumsikia, naenda kazi, kuna mtu ananipeleka. Hakufungwa, hakupigwa kelele. Alipelekwa chumba cha pembeni akaandikwa maelezo, namba ya simu ya wakala ikachukuliwa, asubuhi akarudishwa kwao. Alinipigia baadaye akiwa na hasira, ng'ombe imeenda, wakala amezima simu, kijiji kinamcheka. Sikuwa na jibu la kumfuta machozi. Ng'ombe ile haijarudi mpaka leo ninavyoandika. Lakini yeye yuko.

Naomba mzazi yeyote anayesoma hii aelewe kwa nini wakala anataka mtoto wako adanganye. Kwenda kufanya kazi nje si haramu Uganda. Kuna kampuni zina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, mfanyakazi anaandikishwa kwenye sistemu ya wizara, anaonyeshwa mkataba, anapewa mafunzo kabla ya kuondoka, na inajulikana ameenda kwa mwajiri gani. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kabisa kupeleka wafanyakazi wa ndani nje kwa sababu ya malalamiko ya mateso, baadaye ikafungua tena kwa masharti. Hata kwa njia hiyo rasmi watu wanateseka, sisemi leseni ni dawa. Lakini aliyeondoka kama mgeni wa harusi hayumo kwenye orodha yoyote. Akinyang'anywa pasipoti huko, akafungiwa ndani, akanyimwa mshahara, ubalozi utamtafuta wapi? Karatasi zinasema yuko Nairobi anacheza muziki. Huo uongo wa dirishani unamfaidi wakala peke yake, unafuta alama za miguu yake. Uganda ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2009, na chini ya sheria hiyo binti kama huyu ni mtu wa kulindwa, si mhalifu. Ndio maana nasema mtu yeyote akikufundisha maneno ya kumwambia ofisa, hata kama ni shangazi yako, hata kama ni mtu wa kanisa lenu, muulize yeye anaficha nini.

Wanaokuja kwetu nao wana yao. Nilimfahamu mwalimu kutoka nchi jirani, aliitwa na shule moja binafsi ya huku kwetu, mwenye shule akamwambia mpakani useme unatembea tu, mambo ya kibali tutayamaliza ndani. Hayakumalizika. Kila mwezi mshahara ukichelewa akidai, mwenye shule anamkumbusha kwamba yeye ni mgeni wa kutembea. Angalisema kazi tangu mwanzo, angeelekezwa kwenye kibali au pasi maalum ya muda, na Itifaki ya Soko la Pamoja inayofanya kazi tangu Julai 2010 inamtambua mfanyakazi wa Jumuiya kama mtu mwenye haki zake. Kwa kusema anatembea aliziacha haki zake dirishani.

Kwa wale wanaotafuta visa za mbali sina uzoefu mkubwa wa huko, ila hili najua na nalisema kila mara kwa vijana wa mtaani. Uingereza ikigundua umedanganya kwenye maombi inaweza kukufungia miaka 10. Marekani ukidanganya kwenye jambo la msingi ili upate visa au uingie, unaweza kufungiwa maisha yako yote. Kunyimwa visa kwa ukweli unaomba tena. Barua ya kazi ya kughushi uliyonunua Nasser Road, ule mtaa wa wachapishaji Kampala, inakufuata mpaka uzeeni.

Kuna swali lingine watu hawalihesabu kuwa ni swali la uhamiaji, lile la watu wa afya. Umetoka wapi, una homa, umeenda mazishi yoyote hivi karibuni? Ebola ilipotangazwa Septemba 2022 kule Mubende, kwenye laini ya mpaka watu walikuwa wananong'onezana usiseme umetoka upande ule watakurudisha. Jamani. Ebola inapita kwa kugusa, maji ya mwili wa mgonjwa, mwili wa aliyekufa, na wa kwanza kuipata kwako ni mama yako anayekupikia na mtoto wako anayekurukia ukifika. Hapo kweli ukimdanganya yule wa kipimajoto umemdanganya mtoto wako. Tuliponyoka, Januari 2023 ugonjwa ukatangazwa umekwisha, lakini ile minong'ono sijaisahau.

Na wale wanaokimbia, wa Congo hasa, Bunagana, mji wa Congo wa mpakani, ilipotekwa Juni 2022 watu walimiminika Kisoro upande wetu na vitoto mgongoni. Mtu wa hivyo asione aibu kusema nimekimbia vita. Wapo waliosema wamekuja biashara kwa kudhani neno biashara linaheshimika zaidi, alafu baadaye wanahangaika kueleza kwa nini hawakusema mapema. Uganda ina sheria ya wakimbizi ya 2006, inampa mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi, lakini lazima kwanza ajulikane ni mkimbizi. Sema umekimbia, siku hiyo hiyo.

Kusema ukweli lakini si kumwaga maisha yako yote pale mezani. Hii nayo watu wanaikosea, mwingine akiamua kuwa mkweli anaanza na ugomvi wake na mume, deni la benki, mtoto aliyefeli, laini nyuma inanung'unika na ofisa anaanza kujiuliza huyu anaficha nini kwa maneno mengi hivi. Jibu ulichoulizwa. Mimi husema, biashara, naenda Eastleigh kununua nguo za watoto, nalala gesti, narudi kesho kutwa kwa basi. Akitaka zaidi atauliza. Kama kitu hukijui sema sijui, sijui jina la gesti, nitatafuta nikifika, kuliko kutaja hoteli uliyoiona kwenye bango. Namba ya mwenyeji wako iandike kwenye karatasi, simu huzima chaji mpakani kila mara. Na wenzako mnaosafiri pamoja msipange hadithi kwenye basi, mkipanga hata ukweli wenu utasikika umepangwa.

Siku nyingine utasema ukweli na bado utaombwa pesa. Imenitokea, mpaka fulani sitautaja, kijana wa ofisi akaniambia mama biashara ina chai yake. Nilimwambia kwa heshima nipe risiti nitalipa sasa hivi. Akaniweka nisubiri, nikasubiri, nikakosa basi, nikapanda lingine. Ilinigharimu. Ila hakuwa na kitu cha kunishikia kwa sababu nilichosema, nilichobeba na kilichoandikwa vyote vilikuwa kitu kimoja. Angenikuta na uongo mdogo tu, hata wa siku ngapi nakaa, ningelipa ile chai na nyingine juu yake.

Maofisa nao nina ombi kwenu, na nalisema nikiwa nimeona wengi wenu wazuri. Msimkoromee mtu kabla hajafungua mdomo. Mama wa kijijini ukimuuliza kwa ukali, tena kwa lugha asiyoimudu, atakupa jibu lolote ambalo anadhani litakunyamazisha, hilo ndilo alilofundishwa na miaka ile. Pale Busia muulizeni kwa Kisamia, muulizeni kwa Kiswahili cha upole, mpeni dakika. Ule utaratibu wa dola 2,000 uandikwe ukutani kwa herufi kubwa kwa lugha za hapa, na usiku pia awepo mtu wa kuwaelekeza wafanyabiashara wadogo, kwa sababu mimi nimepita usiku wa manane mara nyingi na wamama wenzangu, na mwenye habari za kutupa alikuwa ni yule kijana wa kitu kidogo peke yake.